Aliyekaa Nyuma

Baridi imeushika mji wa Idrija tangu Novemba,
na Jernej ameivua pikipiki nguo zake zote.
Kifua cha plastiki kimeegemea mashine ya kufulia,
mbavu mbili ziko juu ya kitanda cha wageni,
tangi la petroli limelala bafuni
juu ya taulo langu la kijani.
Ukiona vyaelea vimeundwa, sawa,
lakini si juu ya taulo langu.

Bolti kazipanga kwenye bati la keki ndogo,
kila shimo na kikaratasi chake:
kulia juu, kulia chini, chini ya taa.
Kimoja kimeandikwa: sijui.

Miaka kumi na tisa nimekaa nyuma ya mtu huyu.
Njia ya Vršič, kona hamsini, kila moja na namba yake;
yeye anazijua kwa macho,
mimi kwa magoti.
Uso wake wa barabarani siujui.
Naijua shingo, na kovu chini ya sikio,
na jinsi mabega yanavyoshuka
akiona lami mpya.

Mwaka huu viganja vyake vimeanza kulalamika.
Hata Bovec hatujafika, anakung'uta mkono hewani
kama anayeaga watu ambao hawapo.
Basi usukani upandishwe:
vipande vya alumini, kavichonga mwenyewe kazini
wakati wa chakula cha mchana.
"Sentimita tatu, Milojka. Jioni moja."

Usukani ulipopanda, mpira wa breki ukawa mfupi.
Ulipokuja mrefu, mafuta ya breki yakamwagwa,
meusi kama kahawa ya msibani.
Na kwa kuwa tangi lilikwisha kutoka,
kwa nini asipime vali?
Mbili za silinda ya tatu zimebana,
hata unywele wa mtoto haupiti.
Jioni moja sasa ina wiki ya sita.

Jumapili, saa tano usiku, nikasikia kimya.
Gereji ina sauti zake: spana, redio,
matusi madogo aliyorithi kwa mama yake.
Kimya ni habari nyingine.
Nikashuka na koti juu ya gauni la kulalia.

Kisahani cha chuma, kidogo kama ukucha,
unene milimita mbili na nukta arobaini na tano,
kimemponyoka, kimezama
kwenye handaki la mnyororo, ndani kabisa ya injini.
Fimbo yake ya sumaku
inabusu kila ukuta inaoupitia,
chuma kwa chuma, haina uaminifu.

Babu yangu alichimba zebaki chini ya mji huu,
bibi alifuma lesi juu yake.
Tangu miaka saba naokota nyuzi nisizoziona.
Nikapanda ghorofani, nikarudi na kroshia,
ile nyembamba, ya harusi za watu.
"Shika tochi. Usipumue."

Mara ya nne kikaja,
kinang'aa kwa mafuta, kimeninginia ukingoni.
Alikipokea kwa viganja viwili,
viganja vyake vibovu,
akakaa sakafuni.

Ndipo nikahesabu vipande vya alumini kwenye kopo.
Usukani unataka viwili.
Vilikuwa vinne.

"Hivyo ni vya vikanyagio vya nyuma," akasema
bila kuniangalia. "Vishuke kidogo.
Kwa ajili ya nyonga yako."

Nyonga yangu sijamwambia mtu.
Daktari, ndiyo; dada yangu Bogdana, nusu.
"Nani kakuambia?"

Akawa anafuta kisahani kwa kitambaa,
anafuta, tayari kilikuwa safi.
"Kona ya thelathini na moja," akasema.
"Tangu Mei, unainama ukiwa umechelewa."